Uchunguzi Mfupi wa Masaibu ya Mnunuzi wa Kamera ya Kwanza

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu mwenye akili timamu huyaanza kwa utafiti mwingi na kuyamaliza kwa pupa, ununuzi wa kamera ya kwanza ya DSLR unastahili kutajwa mapema. Mnunuzi husoma kwa miezi, hutazama video za wataalamu hadi usiku wa manane, huchora jedwali la sifa katika daftari la mistari, kisha hufika Kariakoo Jumamosi mchana, jua likiwa utosini, na kununua kamera ambayo haimo kabisa katika jedwali, kwa sababu ile aliyoikusudia imeisha na muuzaji amemhakikishia kwamba hii ni ileile isipokuwa ni nzuri zaidi.

Inafaa kwanza kueleza kitu chenyewe. Kamera ya DSLR ni kamera ya kidijitali ambayo ndani yake, nyuma ya lenzi, pamewekwa kioo kilichoinama nyuzi 45, na mwanga unaopita katika lenzi hugonga kioo hicho, hupanda juu, kisha hugeuzwa na mche wa kioo, au katika kamera za bei nafuu na vioo vidogo vinavyoiga mche huo, mpaka ufike kwenye kitundu ambacho mpiga picha huegemeza jicho lake. Anachokiona hapo ndicho kinachoonwa na lenzi. Akibonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia jembamba liitwalo shata hufunguka, na mwanga huangukia sensa, yaani kile kibamba cha kielektroniki kilichorithi kazi ya filamu. Lakini kwa kuwa kioo kimeinuka, kitundu nacho hufunikwa na giza, kwa hiyo mwenye kamera huona yote yanayoitangulia picha na yote yanayoifuata, ila ile nukta ya picha yenyewe haioni. Wazoefu hawalijali jambo hili. Anayeanza hulihifadhi kama utetezi wa siku ambayo bibi harusi atatokea amefumba macho katika picha zote.

Masaibu huanzia kwenye majina. Mwaka 2018 kampuni ya Canon ilitoa kamera moja ya wanaoanza ambayo Ulaya iliitwa EOS 2000D, katika nchi kadhaa za Asia ikaitwa EOS 1500D, Marekani ikaitwa EOS Rebel T7, na Japani ikaitwa EOS Kiss X90. Kwa kuwa bidhaa za madukani hufika kwa njia nyingi, nyingine zikipitia Dubai na nyingine zikiletwa katika begi la ndugu anayerudi likizo kutoka ughaibuni, si ajabu mnunuzi akazikuta mbili kati ya hizo katika maduka yanayotazamana, na hapo huanza kazi nzito ya kuzilinganisha. Huuliza ipi inatoa picha safi zaidi. Muuzaji, ambaye tangu aanze biashara hajawahi kumwambia mteja kwamba kuna jambo asilolijua, humweleza bila kupepesa macho kwamba T7 ina rangi tamu lakini 2000D ndiyo inayodumu, na maelezo hayo huingia katika daftari kwa kalamu nyekundu.

Namba nazo zimepangwa kinyume cha matarajio ya mtu aliyefundishwa hesabu shuleni. Katika ukoo wa Canon, kadiri tarakimu zinavyopungua ndivyo hadhi na bei zinavyopanda, hivi kwamba 4000D iko chini ya 2000D, 2000D iko chini ya 800D, 800D iko chini ya 90D, na kileleni hukaa zile zenye tarakimu moja tu, ambazo huonekana pembezoni mwa viwanja vya mpira zikiwa na lenzi za urefu wa mkono. Nikon nao hufuata mtindo huohuo: D3500 ni ya mwanafunzi na D5 ni ya mtu ambaye gazeti humlipia tikiti ya ndege. Mnunuzi asiyejua utaratibu huu anapoikuta 4000D ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko 2000D huamini kwamba muuzaji amekosea kubandika karatasi za bei, hivyo hulipa haraka, hukataa hata kusubiri mfuko, na huondoka kwa mwendo wa mtu anayekimbilia kivuko cha Kigamboni. Nyumbani hugundua kwamba ameokoa fedha kweli, na kwamba pamoja na fedha hizo amekwepa pia megapikseli 6 na pete ya chuma inayoshika lenzi, kwa kuwa ile ya 4000D ni ya plastiki.

Kuhusu megapikseli hapana haja ya kukaa sana, ingawa wanunuzi hukaa hapo kuliko mahali pengine popote. Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha. Nikon D1, ambayo tangu mwaka 1999 iliwaingiza waandishi wengi wa habari katika upigaji wa kidijitali, haikufikisha hata megapikseli 3, na bado picha zake zilichapishwa magazetini bila msomaji kulalamika. Kamera za wanaoanza za leo zina 24 hivi, zinazotosha kuchapa picha safi yenye upana wa inchi 20, ilhali picha nyingi za mnunuzi huyu zitapitia WhatsApp, ambako zitabanwa mpaka zifanane na zile za simu aliyoidharau. Anayeuliza megapikseli kwanza na lenzi baadaye ameuliza maswali sahihi kwa mpangilio mbaya.

Jambo lililo zito zaidi, na ambalo halimo katika jedwali la daftari, ni pete ya lenzi. Kila kampuni ina pete yake. Nikon wameishikilia ya kwao tangu mwaka 1959 na Canon wa kamera za EOS tangu 1987, na lenzi ya mmoja haiingii kwa mwenzake. Kwa hiyo anayedhani ananunua kamera kwa kweli anachagua ukoo wa lenzi atakaokuwa nao hata baada ya kamera yenyewe kufa, na hapa hekima ya wenye magari inafaa kuazimwa: watu wengi wa Dar es Salaam hawanunui Toyota kwa sababu wamelinganisha injini za dunia nzima, bali kwa sababu spea zake zinapatikana hata kwenye duka linalouza pia vocha na maandazi. Mnunuzi mwenye busara angeuliza rafiki zake na wapiga picha wa mtaani wanatumia kampuni gani, kwa maana huko ndiko atakakoazima lenzi, chaja na, siku ya aibu kubwa, betri. Badala yake huingia katika ubishi wa Canon na Nikon kwa ari ya Simba na Yanga, akiitetea timu ambayo bado hajanunua hata skafu yake.

Ukimwuliza mnunuzi kwa nini anataka kamera, atataja machweo ya Bahari ya Hindi, ndege wa Mikumi na nyuso za wazee zenye historia. Jibu hilo ni la kweli kabisa, na halina uhusiano wowote na atakachokipiga. Habari ya kwamba ndani ya ukoo kuna mtu mwenye kamera kubwa hufika Songea kabla waranti haijajazwa, na kuanzia hapo kamera huwa mali ya kamati. Itapiga sendofu, kipaimara, mahafali ya chekechea na arobaini ya mtoto, na mwenyewe atahesabiwa kwamba amekwisha kutoa mchango wake kwa njia ya picha, ingawa kadi ya mchango bado itamfikia. Shughuli hizi nyingi hufanyika usiku, ukumbini, chini ya taa za zambarau zilizochaguliwa na mpambaji asiyependa sura za watu.

Hapo ndipo lenzi inayokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, huonyesha ufukara wake. Kila lenzi ina tundu linaloweza kupanuliwa na kubanwa, na upana wake huandikwa kwa namba inayoanza na herufi f, ambapo, kwa mara nyingine tena, namba ndogo humaanisha kitu kikubwa: f/1.8 ni tundu pana, f/5.6 ni jembamba. Lenzi hiyo ikivutwa hadi mwisho wake haiwezi kupanuka kuzidi f/5.6, na lenzi rahisi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Asiye nayo hubaki na njia mbili. Aweza kupandisha ISO, kipimo cha wepesi wa sensa kuitikia mwanga, mpaka uso wa bwana harusi uonekane kama umemwagiwa mchanga, au aweza kuwasha flashi ndogo ya juu ya kamera, inayowaangaza kwa ukali meza kuu, maua na chupa za maji, na kuwaacha wakwe walioketi nyuma katika giza ambalo watalikumbuka.

Kwa hiyo lenzi ya milimita 50 ndiyo ununuzi wa pili unaofaa, na insha hii haina shaka kuipendekeza kabla ya lenzi ndefu ya ndege wa Mikumi. Ila nayo ina mitego miwili. Sensa ya kamera za wanaoanza ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, kwa hiyo hukata kingo za picha, na lenzi ya 50 huona eneo jembamba kama la 75 kwa Nikon au la 80 kwa Canon. Katika sebule ya kawaida, mpiga picha anayetaka familia nzima iingie hurudi nyuma hadi kwenye kabati, kisha hadi mlangoni, kisha barazani, na hatimaye hupiga picha ya ukoo kupitia dirishani akiwa amesimama katikati ya kuku, huku wazee wakiulizana kama amekasirika.

Mtego wa pili ni wa wapenda Nikon. Kamera za familia za D3000 na D5000 hazina ndani yake mota ya kuzungusha lenzi ili ilenge, na lenzi za zamani zilizoandikwa AF bila herufi S hutegemea mota hiyo. Zile za AF-S zina yake. Mnunuzi huiona lenzi ya zamani ya f/1.8 kwa bei ya kutia huruma, huinunua, huifunga, hubonyeza, na hakuna kinachosogea. Huirudisha kwa hasira, na muuzaji huifunga kwenye D7100 iliyo kabatini, yenye mota, ikafanya kazi kama umeme. Kwa mujibu wa muuzaji, tiba pekee ni kununua na hiyo D7100.

Ni wakati huu ambapo wazo la kununua kamera iliyotumika humjia mtu, na ni wazo zuri kuliko linavyosemwa. Watengenezaji wakubwa wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na hivyo DSLR nzuri za jana zimeshuka bei. Historia nayo inaliunga mkono: Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na ambaye picha alizozichukua Ethiopia mwaka 1984 ziliufanya ulimwengu uitazame njaa, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha kutumika, ambayo ilikuwa karibu na kisanduku kitupu kuliko kamera. Ugumu uko kwenye wasifu wa kitu kinachouzwa. Kila kamera iliyotumika nchini, kwa ushahidi wa wauzaji, ilikuwa ya mzee mmoja mtulivu aliyekuwa akiitoa Idi na Idi. Shata ya kamera ya kawaida ya daraja hili hukadiriwa kuhimili mibofyo 100,000 hivi, na mpiga picha za harusi huweza kumaliza elfu moja katika usiku mmoja, kwa hiyo mzee huyo, kwa kuitazama namba inayoandikwa ndani ya mafaili ya kamera nyingi za Nikon, pengine alisherehekea Idi kila wiki.

Kwenye Pwani kuna adui mwingine asiye na namba, nayo ni kuvu, ambayo mafundi huiita fangasi. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja hubeba unyevu, na lenzi iliyofungiwa katika begi la ngozi ndani ya kabati la nguo huota nyuzi nyeupe zinazotambaa juu ya vioo vyake kama utando. Mwenye nyumba huamini kwamba kuificha lenzi mbali na mwanga ni kuitunza, kumbe inapenda hewa, mwanga na vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na ambavyo watu huvitupa kwanza kabla ya kuvaa viatu.

Vipimo vya dukani, basi, si vigumu. Lenzi hutolewa na kumulikwa kwa tochi ya simu kutoka nyuma ili utando uonekane. Tundu hubanwa hadi f/16 na anga hupigwa picha, kisha picha hukuzwa kutafuta madoa meusi ambayo ni vumbi la kwenye sensa. Lenzi hulengwa karibu na mbali. Na kadi ya kumbukumbu inayouzwa pamoja nayo hujazwa, kwani zipo kadi zilizoandikwa GB 128 ambazo hupokea picha kwa adabu na kuzisahau zote baada ya robo. Kinachohitajika ni muda na uso mkavu. Muuzaji atahema, atatazama saa, atamhudumia mwingine, atamwita mteja "bosi" kwa sauti inayozidi kupungua upole, na mnunuzi wa kawaida, ambaye angeweza kubishania bei ya nyanya kwa nusu saa bila haya, ataona aibu kukizuia kiti cha duka, atalipa, na atasoma akiwa ndani ya daladala yale maandishi madogo yaliyo chini ya risiti, yanayosema kwamba bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi.