Ng'ombe Mrefu Kuliko Twiga

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Kalemela, mkoani Simiyu, aliamua kuwatengenezea wanafunzi wake kijiji cha kuwekwa mezani: nyumba za msonge, zizi, shamba la pamba na ukingo wa Ghuba ya Speke. Nyumba hazikumsumbua sana. Kilichomtoa jasho ni ardhi ya kuzisimamishia.

Udongo ulikuwa wa bure. Usukumani kuna mbuga, ule udongo mweusi mzito ambao masika huvimba na kung'ang'ania gamubuti, na kiangazi husinyaa na kupasuka. Mwalimu akachota ndoo nzima, akaukanda, akaumwaga juu ya kipande cha plaiwudi na kukianika juani.

Plaiwudi ilijikunja. Ilikuwa imelowa upande wa juu tu, kwa hiyo upande huo ukavimba huku wa chini ukibaki palepale. Udongo nao ukapasuka, na hapo ndipo hesabu ilipomkaba, maana kijiji chake kilikuwa cha kipimo cha 1:100. Ufa wa sentimita 1 pale mezani ni korongo la upana wa mita 1 kijijini, na korongo lenyewe lilikata zizi katikati. Nyumba unaweza kuipunguza mara mia. Udongo utapasuka kwa saizi yake ileile. Waliojenga nyumba za jadi pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, na wale wa Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, walilikwepa balaa hili kwa kujenga nyumba za ukubwa wa kawaida. Huko ufa ukitokea, ni ufa halali.

Fundi seremala alikuja, akatazama, akacheka kwanza. Kisha akapigilia papi chini ya plaiwudi mpya na kuipaka rangi pande zote mbili ili isinywe maji. Mama mmoja jirani alikuwa mkali zaidi: "Mwalimu, hata sakafu yangu siipigi kwa matope matupu. Kinyesi cha ng'ombe kiko wapi?"

Alikuwa na hoja. Nyuzi za majani zilizomo kwenye kinyesi hushikilia udongo unaposinyaa, na mchanga hupunguza kusinyaa kwenyewe. Ila darasani kulikuwa na joto, na harufu haina kipimo cha 1:100. Mwalimu akatumia unga wa mbao badala yake, pamoja na mchanga na gundi ya mbao, akipaka tabaka jembamba na kulisubiri likauke kabla ya kuongeza jingine. Ardhi ikatulia.

Wanafunzi wakaleta mifugo. Watoto wa Kisukuma hawafundishwi kufinyanga ng'ombe, na hawa walifinyanga kama walivyozoea: sentimita 8 kwenda juu. Kwa kipimo cha mwalimu, huyo ni ng'ombe wa mita 8, wakati twiga dume hupita mita 5 kidogo tu.

Ziwa lilikuwa rangi ya buluu iliyomwagiwa vanishi nyingi kwa mkupuo. Vanishi hukauka kuanzia juu, kwa hiyo chini ilibaki inanata, na nzi wakatua wakanasa. Mwanafunzi mmoja akataka kuwabandua. Mwalimu akachukua rula, akapima nzi mmoja: milimita 7.

"Waache," akasema. "Sentimita 70. Hao ni mabata bukini."