Pichi 15 na Baba Mkwe

Jumapili moja baba mkwe wangu alipitwa na ngalawa akiwa ndani ya boti yangu. Ngalawa yenyewe tanga lake lilikuwa na viraka vya rangi tatu, na nahodha wake alikuwa kijana anayetafuna muwa huku ameshika usukani kwa mguu. Alipotufikia ubavuni alitusalimia kwa adabu zote: "Shikamooni wazee! Mmeishiwa mafuta?" Mafuta yalikuwepo tele. Mashine ya farasi 40 ilikuwa inanguruma kwa nguvu zote ilizonazo, na moshi ulikuwa unaonekana hadi Bahari Beach.

Tulikuwa tumetoka Kunduchi kwenda Mbudya, kisiwa ambacho ukisimama ufukweni unakiona, huhitaji dira wala ramani. Boti ilijaa wakwe na sufuria ya pilau. Nilipoifungulia moto wote, pua iliinuka, tako likazama, basi, mambo yakaishia hapo. Boti ya faiba iliyo na afya huinua pua kwa muda mfupi tu, kisha hupanda juu ya wimbi inalolitengeneza yenyewe, ikalala sawasawa na kuanza kuteleza. Yetu iliinua pua ikagoma kulala. Mama mkwe, tuliyemkalisha mbele kwa heshima, akawa haoni bahari, anaona mawingu. Pilau ikaanza safari yake kuelekea nyuma, ikazuiwa na mguu wa mke wangu, ambaye hakusema neno, na mwenye ndoa anajua kimya hicho kina maana gani. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, sentensi zake ni fupi. "Mwanangu," aliniuliza, "hiki chombo kinakwenda au kinatafakari?" Shemeji alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Tulipofika, watu walioondoka Kunduchi nyuma yetu walikuwa wameshakula samaki wao na wanadai chenji.

Chanzo cha yote ni propela, mpya kabisa, niliyouziwa wiki hiyohiyo katika duka moja la mjini. Muuzaji aliitazama picha ya boti kwenye simu yangu akatoa hukumu: "Hii mpe kumi na tano. Itaruka."

Kwenye kitovu cha propela huwa kumegongwa namba mbili, zote za inchi. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili mafundi wanaiita pichi, nayo ndiyo yenye utamu wote: ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu kisichoteleza. Pichi ya 15 ni sentimita 38. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia zake zikapunguza kwa nusu, propela inazunguka mara 2,500. Zidisha, unapata mita 950 kwa dakika, kilomita 57 kwa saa. Hizo ndizo muuzaji alizokuwa anaziona kichwani. Ondoa asilimia 10 hadi 20 zinazopotea kwa sababu maji huteleza, bado ni mwendo wa kumfanya baba mkwe ashike kofia.

Ila mashine ilitakiwa kwanza ifike hiyo mizunguko 5,000. Pichi kubwa ni sawa na kupanda mlima Kitonga kwa gia ya nne: gari ni zima, dereva ni mzima, mlima ndio haukubali. Kijitabu cha mashine yangu kinataka mizunguko 4,500 hadi 5,500 moto ukiwa wote. Fundi alipokuja na mita yake ya kuazima, tukapakia mawe na ndugu kufikia uzito wa Jumapili ile, ilisoma 3,700 ikaganda. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza inakurudishia mizunguko 150 hadi 200. Pungufu ni 800, kwa hiyo toa inchi nne. Kumi na moja! Hesabu ya darasa la tano, na muuzaji hakuniuliza mzigo wala mizunguko kabla ya kupokea pesa yangu.

Na boti kuukuu ina siri zake. Chini ya sakafu imejazwa povu gumu la kuizuia isizame. Miaka ikipita, maji hupenya kwenye nyufa, povu hunywa, na plaiwudi nayo hunywa. Unabeba maji usiyoweza kuyakumba kwa ndoo. Mashine nayo pete za pistoni zimelika, farasi wengine walishakufa zamani. Kwa hiyo hata jedwali la kiwandani linazungumzia boti nyingine, ile iliyokuwepo kabla hii yako haijazeeka.

Hata waliotangulia kuitengeneza propela walijifunza kwa ajali na majaribio. Francis Pettit Smith, mkulima wa Kiingereza, alisajili yake mwaka 1836, parafujo ndefu ya mbao. Mwaka uliofuata akiijaribu kwenye mfereji wa Paddington, London, ilivunjika, kipande kikaenda na maji, na boti ikaongeza mwendo. Charles Parsons, bingwa wa tabo za mvuke, alipoijaribu meli yake Turbinia ya mwaka 1894 aliambulia mwendo wa kumvunja moyo, kwa sababu propela ilizunguka kwa kasi mno hadi maji yakageuka mapovu ya mvuke kwenye mapanga yake. Alipomaliza kurekebisha, chombo kimoja kilikuwa na propela tisa. Mabwana hao wote waliujua ukweli majini, si kwenye kaunta.

Dukani, risiti yangu imeandikwa kwa wino mwekundu: ikiingia majini hairudishwi. Hapo mzaha unaniishia. Bidhaa ambayo haipimiki popote isipokuwa majini, inauzwa kwa sharti la kutoigusisha maji! Mimi nimeaibika mbele ya wakwe, nitapona. Mvuvi wa Kunduchi aliyefungiwa pichi isiyo yake anaunguza petroli ya ziada kila alfajiri, anaua mashine kidogokidogo, na akilalamika anaambiwa mafuta yamechakachuliwa.

Baada ya hapo, nikiwa bado naitafuta 11, nilifunga 13 ya mtumba. Panga lake moja lilikuwa limechomelewa, likatikisa boti hadi miwani ya shemeji ikaanguka baharini. Nikapata 11, fundi akasahau pini ya nati, propela ikafuata miwani.

Kumi na moja ya pili ndiyo inayofanya kazi: nikiwa na wakwe mita inasoma 4,600, nikiwa peke yangu 5,400. Unayenunua, usilipe kabla muuzaji hajakuuliza mzigo, mizunguko na umri wa boti. Na kama una boti nyepesi, mashine nzima na abiria wachache, ninayo pichi 15 ya aluminiamu, imetumika kwenda Mbudya na kurudi, boksi lake lipo. Bei tutaelewana.