Macho Yamepata Pazia: Mwongozo kwa Atakayevishwa Miwani Voi

Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakufika Voi siku ya maonyesho. Pazia sasa limepatikana: ni jeusi, lina mkanda wa kukaza kisogoni, linaziba mwanga wote wa nje, na upande wake wa ndani, sentimita chache tu kutoka kwenye kope zako, zimekaa kamera zinazokuchungulia wewe. Jina lake ni miwani ya uhalisia pepe.

Mwongozo huu ni wa mtu mwema anayeshuka Voi, kwa treni ya SGR au kwa basi la Mombasa, akakutana na kijana mwenye meza, kitambaa cheupe na tabasamu, akaambiwa, "Karibu mzee, jaribu, ni bure." Ukiufuata wote utarudi kwako salama. Ukiusoma nusu, utarudi na kichwa kinachouma, na macho yako yatabaki mezani.

Hatua ya 1: Chunguza kama kitu chenyewe kina macho

Si kila miwani ya aina hii inakutazama. Nyingi hufuata kichwa tu. Ukigeuza shingo, picha inageuka; macho yako yakizurura, haina habari. Quest 2 na Quest 3 ni za kundi hilo. Zenye macho ni chache na nyingi ni ghali, kama vile FOVE ya Japani, iliyochangisha pesa kwa umma mwaka 2015, Vive Pro Eye ya 2019, Quest Pro ya 2022, PlayStation VR2 ya Februari 2023, na Apple Vision Pro, iliyoingia madukani Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499, pesa ambazo kwetu mtu huziita kiwanja.

Usimuulize kijana, atasema lolote. Subiri akiinama kutafuta chaja. Ziba kwa dole gumba kile kitambuzi kilicho katikati ya lenzi mbili, ili miwani idhani imevaliwa, kisha ielekezee kamera ya mbele ya simu yako. Simu nyingi huona mwanga wa infraredi ambao jicho halioni; ndivyo fundi wa televisheni anavyopima rimoti. Ukiona vitaa vya zambarau hafifu vimezunguka lenzi, basi ujue kuna mtu nyumbani.

Na ukimaliza, usiiache mezani lenzi zikiangalia juu. Jua la Voi halihitaji mwaliko. Lenzi hizo hulikusanya kama kioo cha mtoto anayechoma karatasi, na kioo cha ndani huungua mara moja. Utalipa wewe, si jua.

Hatua ya 2: Kaa kitako, ukaguliwe

Kwanza utaambiwa ufuate vitone. Kimoja kitatokea kushoto, kingine juu, kingine kulia. Fuata kwa macho, si kwa kichwa. Wengi wetu hapa hugeuka mwili mzima kama tunamfuata nzi.

Kinachotendeka ni hiki. Vile vitaa hupiga jicho, na konea, kile kioo cha mbele cha jicho, hurudisha vimulimuli vidogo kama taa za barabarani kwenye boneti ya gari lililooshwa. Mboni nayo huonekana kama shimo jeusi. Jicho likigeuka, shimo linahama kuliko vimulimuli. Mashine hupima tofauti hiyo, ikailinganisha na ulivyovitazama vile vitone, ikajua unatazama wapi. Hufanya hivyo makumi ya mara kwa sekunde, na nyingine zaidi ya mara mia.

Atakayekuambia kwamba macho yetu ya kahawia yanaisumbua mashine, msamehe. Kwenye infraredi macho meusi hufunguka, yakaonyesha mistari yake vizuri. Kinachoisumbua ni wanja mzito, miwani ya daktari yenye mng'aro, kope zilizolala, na jasho la Voi saa saba mchana.

Ukiona ni usumbufu, shukuru hukuzaliwa mapema. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Edmund Huey alitaka kujua macho ya msomaji yanavyokwenda. Alibandika juu ya jicho kikombe kidogo cha plasta chenye tundu, akakiunganisha na kijiti cha alumini kilichochora mistari kadiri jicho lilivyosogea. Huyo hakuwa na kitambaa cheupe wala tabasamu.

Hatua ya 3: Usishtuke ukiambiwa pembeni ni ukungu

Nyoosha mkono mbele, inua dole gumba, utazame mlima Sagalla uliopo kusini mwa mji. Eneo ambalo jicho lako huliona kwa ukali kamili ni kama upana wa ukucha huo. Mlima wote uliobaki unauona kwa kukisia tu. Ubongo unakujazia, nawe unaamini umeuona mzima.

Miwani yenye macho imeijua siri hiyo, nayo inafanya uchoyo. Inachora kwa makini pale tu unapotazama. Kwingine inapaka rangi kama mchoraji wa matatu aliyelipwa nusu. Kompyuta inapumzika, betri inadumu, nawe husemi kitu, kwa sababu kila unapogeuza jicho, ukali umeshatangulia kufika. Jicho huruka kutoka kitu hadi kitu mara tatu hivi kwa sekunde, na wakati wa mruko ubongo hufunga dirisha. Mashine hupitishia kazi yake kwenye upofu huo mdogo. Ikichelewa, utaona tembo akija na ukungu usoni kabla hajawa tembo.

Na hapa mwenyeji ana swali: kwa nini mtu wa Voi avae mashine kumwona tembo, na lango la Tsavo Mashariki liko pale? Wakulima wa Sagalla wametundika mizinga ya nyuki kwenye ua wa mashamba ili tembo wasije bila kualikwa. Kijana hatakuwa na jibu. Songa mbele.

Hatua ya 4: Jifunze kutazama kama abiria wa basi

Kwenye miwani hizi unaweza kuchagua kwa macho: tazama kitufe, kitufe kinafunguka. Ni raha kwa dakika moja. Halafu unagundua kwamba kila unachokitazama kinafunguka. Wataalamu wamelipa tatizo hili jina la mfalme Midas, yule wa hadithi za Wagiriki ambaye kila alichogusa kiligeuka dhahabu, hata chakula chake.

Wangefika steji ya Voi wasingesumbuka na Wagiriki. Basi likisimama, tazama njugu kwa sekunde mbili: pakiti imeshaingia dirishani. Rudisha jicho kwenye mayai ya kuchemsha: yai limeshamenywa, chumvi imeshatiwa, na mkono unasubiri shilingi. Wewe hukusema neno. Mchuuzi amepima ulivyokawia, na kukawia kwako ndiyo kununua.

Ndivyo miwani nyingine zinavyofanya, zinahesabu ulivyokawia. Nyingine, kama ile ya Apple, zimekuwa na adabu kidogo: utazame, kisha ubane kidole gumba na cha shahada ndipo uhesabiwe umechagua. Kampuni hiyo inasema programu za watu wengine haziambiwi ulipotazama mpaka ubane. Msafiri mzoefu wa barabara ya Mombasa anaijua dawa ya zamani zaidi: kutazama kiti cha mbele mpaka basi liondoke.

Hatua ya 5: Kichwa kikiuma, usimlaumu jini

Ukitazama kitu kilicho karibu, macho yako hufanya kazi mbili kwa pamoja. Yanaelekeana, kama watu wawili wanaosengenya, na lenzi iliyo ndani ya kila jicho inajikaza ili kuona vizuri. Kazi hizi zimezoeana tangu utotoni. Ndani ya miwani zinaachanishwa. Kipepeo anakuja mpaka puani, macho yanaelekeana kumfuata, lakini mwanga wake umepangwa kana kwamba unatoka mita moja au mbili mbele, na haubadiliki. Jicho moja la ubongo linasema yuko karibu, lingine linasema yuko mbali. Wewe uliye katikati unaumwa kichwa.

Nazo mashine hizi, zikitaka kujua jicho limelenga umbali gani, mara nyingi hazipimi lenzi yenyewe; hupiga hesabu kutokana na macho mawili yalivyoelekeana. Mwenye makengeza asishangae mashine ikimwambia anatazama ukutani hali anatazama kikombe.

Kuna anayefaidika na ugomvi huu: nyanya yako. Aliyepita miaka arobaini na kitu, anayesoma ujumbe wa M-Pesa simu ikiwa imenyooshwa hadi kwa jirani, anaweza kuletewa kitabu cha uhalisia pepe mpaka kwenye pua na akakisoma vizuri, maana kwa jicho lake kitabu bado kiko mita moja au mbili. Usimwachie miwani kwa muda mrefu. Hatairudisha.

Kichwa kikizidi, vua, utazame mbali. Ukipata siku nzima, panda Wundanyi uingie msitu wa Ngangao. Huko kuna ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka kila jicho, kama aliyevaa miwani. Hapatikani popote duniani ila vilima vya Taita na Kasigau. Naye atakutazama, lakini hatunzi kumbukumbu.

Hatua ya 6: Usichape siri kwa macho, wala usiuze jicho kwa bei ya foleni

Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Florida, walionyesha jambo la kuchekesha na kutisha. Mtu akiongea kwa video kupitia Apple Vision Pro, wenzake huona sura yake iliyochorwa na mashine, na macho ya sura hiyo huiga macho yake halisi. Akichapa neno la siri kwa kutazama herufi za kibodi inayoelea hewani, macho ya sura yanaruka herufi kwa herufi, na mtazamaji mwenye programu ya kufaa anakisia kilichoandikwa. Apple waliliziba tundu hilo Julai mwaka huohuo. Wewe usiongoje kuzibiwa. Nambari ya siri ya M-Pesa ichapwe kwa kidole, tena mkono mwingine ukiwa umefunika.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inapoeleza data za kibayometriki, inataja alama za vidole, kupima retina, sauti, na hata umbo la ndewe za masikio yako. Mtazamo hawakuutaja kwa jina, ila sheria inagusa pia tabia za mtu, na kutazama ni tabia. Kijana akikwambia "kubali hapa", una haki ya kuuliza anakubaliwa nani, kwa kazi gani, na una haki ya kuondoa ridhaa yako baadaye.

Usiseme sisi hatudanganyiki. Julai 2023 foleni zilijaa jumba la KICC, Nairobi, watu wakiinamia mpira unaong'aa wa mradi uitwao Worldcoin uwapige picha ya jicho, wapewe sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Mwanzoni mwa Agosti serikali ikausimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Hapo mpira ulitaka kukujua wewe ni nani. Miwani inataka zaidi ya hapo: inataka kujua unatamani nini.

Hatua ya 7: Nenda na mjomba

Mjomba wangu ni broka wa vito. Huu ni mji wa tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo, na kwa miaka mingi nimemwona akifanya kazi yake kwenye meza ya chai. Hufungua karatasi iliyokunjwa, huyamwaga mawe, humpa mnunuzi tochi. Kisha hayatazami mawe tena. Anatazama macho ya mnunuzi. Mdomo unasema "mawe haya yana uchafu", mboni inapanuka. Bei ikapanda. Mwanasaikolojia Eckhard Hess wa Chicago aliandika mwaka 1960 kwamba mboni hutanuka mtu akiona kinachomvutia, na mwanga ukiwa uleule. Mjomba hakumsoma. Ndiyo maana wanunuzi wajanja huja na miwani nyeusi.

Siku ya maonyesho alivaa baada yangu. Tulionyeshwa duka la vito la kubuni, kisha kijana akatutolea picha yenye madoa mekundu pale macho yetu yalipokaa. Langu lilikuwa doa moja kubwa juu ya jiwe kubwa la kijani. Ya mjomba ilikuwa na vidoa vidogo sawasawa kwa kila jiwe, kama mtu anayehesabu mbuzi. Nikacheka kwa fahari.

"Lakini mzee," kijana akasema, "mboni ilitanuka mara moja." Akagusa jiwe dogo la pembeni, ambalo mimi sikuliona kabisa.

Mjomba alikaa kimya. Kisha akasema, "Hilo ndilo ningenunua." Akakunja mkanda wa ile miwani taratibu, kama anayekunja karatasi ya mawe. "Sasa hiyo picha ya macho yangu, mwanangu, inakaa na nani?"

"Inakaa kwenye mfumo, mzee."

"Na mfumo anauza nini?"

Kijana akatazama kitambaa cha meza. Mjomba akamwangalia usoni kidogo, akanigeukia. "Twende," akasema. "Nimeshajua bei."