Chipu Aliyezikwa Mzima

Ukitaka kujua ukweli wa kibanda cha fundi, usimuulize fundi wala mteja. Ngoja fundi atoke. Huyu wa Kona ya Musa, Ukunda, alitoka baada ya isha kutafuta viazi karai, akaegesha mlango, akaacha mezani Xbox 360 iliyofunuliwa matumbo. Ilifika Diani ndani ya begi la mgeni wa Kijerumani, ikabaki kwa mlinzi wa nyumba, na mlinzi akamuuzia kijana mwenye banda la gemu. Sasa haisomi diski. Nyaya saba zimetoka kwenye ubao wake na kuishia kwenye kisomaji kidogo cha USB, na kisomaji kimechomekwa kwenye laptopu. Waliobaki mezani walikuwa na kesi ya kusikiliza.

LAPTOPU: Kikao kimefunguliwa. Nimeuliza usanidi wa flashi, nimejibiwa sifuri nane mfululizo. Kwa mujibu wa sifuri hizo, Chipu wa Kumbukumbu amefariki. Inna lillahi.

CHUMA CHA LEHEMU: Nilijua! Tangu jana nasema ang'olewe. Nipeni dakika tano nipate moto.

BI MITA: Wewe Chuma, kila kesi kwako ni kung'oa. Unamjua hata alipo?

CHUMA: Yule mweusi, mwenye miguu 48.

BI MITA: Miguu umeihesabu, mapigo ya moyo hujayapima. Nani kamgusa marehemu? Mimi ndiye mwenye ncha za kupimia hapa, na leo sijaitwa.

WAYA: Kwangu ujumbe umepita salama, Bi Mita. Mimi si waya wa juzi. Nilikuwa darini mwa hoteli moja huko ufukweni, nikipeleka intaneti hadi kwenye vitanda vya wazungu. Kwenda mbali ndiyo kazi yangu.

XBOX: Samahani wakubwa, mgonjwa ni mimi, naomba niseme. Nililetwa kwa sababu ya lenzi tu. Vumbi limeingia, hewa ya chumvi imefanya yake, na diski hazisomeki. Mngedhani ni kazi ya kutoa kiendeshi kibovu na kuweka kizima. Haiwezekani. Mimi na kiendeshi changu tuliapishwa kiwandani. Ufunguo wa kiapo umehifadhiwa ndani ya Kumbukumbu, na umefungwa kwa ufunguo mwingine ulio ndani ya prosesa. Kiendeshi kisichokuwa na ufunguo huo hakinichezei diski yangu hata moja.

MJUSI (kutoka ukutani): Kwa hiyo kijana amenunua gemu kwa hela zake, na bado anangoja kibali?

XBOX: Ndivyo, mjomba.

MJUSI: Si anunue nyingine mtandaoni?

XBOX: Duka langu la mtandaoni lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Kutengenezwa kwangu kwenyewe kuliachwa tangu 2016. Ndiyo maana fundi anataka kunifungua kwa ile njia iliyotangazwa Agosti 2011 na mtu anayejiita GliGli. Prosesa yangu hupunguzwa kasi, halafu ule mstari wa kuianzisha upya hupigwa mshtuko mfupi sana, kwa wakati wake barabara. Hapo prosesa hupotewa na hesabu, ikakubali kilichopaswa kukataliwa. Mlango ukifunguka, ufunguo unapatikana, na gemu zinachezwa kutoka kwenye diski kuu. Lakini kabla ya yote hayo lazima Kumbukumbu asomwe mzimamzima.

CHUMA: Na amekufa. Tumerudi palepale.

Hapa niseme, mimi msimulizi, kwamba sijawahi kuona kesi ya kifo inayokwenda haraka kama ya chipu. Mtu akizirai Ukunda watu humpepea kwanza, humnyunyizia maji, humtafutia tuktuk. Chipu asipojibu mara moja, hata tanga halikai.

MJUSI: Wakubwa, mimi si fundi. Ila kila usiku hulala juu ya ile adapta nyeusi ya Xbox, kwa sababu huwa vuguvugu. Leo tangu magharibi ni baridi. Na ile taa yake ya rangi ya machungwa sijaiona.

(Kimya.)

BI MITA: Rudia, mwanangu.

MJUSI: Taa ya adapta. Xbox ikichomekwa bila kuwashwa, huwa ya machungwa. Ikiwashwa, huwa kijani. Leo hakuna machungwa wala kijani.

LAPTOPU: Haiwezekani. Mimi mbona nawaka?

BI MITA: Wewe una betri, bwana. Wenye jenereta ndio wa mwisho kujua stima zimepotea. Tokeni zimeisha tangu saa kumi na mbili, na umekaa hapo ukimhoji mtu aliyezimwa!

CHUMA: Kwani lazima Xbox iwe na umeme ndipo chipu asomwe? Mimi nilidhani huyo kisomaji analeta wake.

XBOX: Lazima nichomekwe, ila nisiwashwe. Nikiwashwa, nitakuwa namtumia Kumbukumbu mwenyewe, nanyi mnamtaka, tutagombana. Nikiwa nimechomekwa tu, kuna sehemu yangu inayokesha.

(Nje, sauti ya mtoto wa jirani ikisoma tarakimu za tokeni moja moja. Mita ya stima ikalia. Taa ya machungwa ikawaka, na Mjusi akashuka ukutani bila kuaga.)

DARAJA LA KUSINI: Nani alikuwa ananiita?

LAPTOPU: Hakuna aliyekuita. Tunamtafuta Chipu wa Kumbukumbu.

DARAJA LA KUSINI: Basi mnanitafuta mimi. Hizo nyaya zenu hazikufungwa kwa Kumbukumbu, zimefungwa kwangu. Mimi, chipu anayekesha Xbox ikichomekwa, ndiye ninayeingia kwake, ninayemfungulia faili na kuleta jibu. Huyo kisomaji wenu hajawahi kumwona hata kivuli. Ulizeni tena.

LAPTOPU (kwa sauti ndogo): 00023010.

XBOX: Ndiyo yenyewe! Mimi ni wa ubao wa Jasper, kumbukumbu ya megabaiti 16. Jibu langu ndilo hilo.

LAPTOPU: Basi iandikwe kwamba marehemu amefufuka. Nasoma sasa. Kitalu cha 31, kosa. Kitalu cha 207, kosa. 208, kosa. 640, kosa... Nimesoma vyote 1024. Vibovu ni vingi. Marehemu amefufuka akiwa hoi.

CHUMA: Si nilisema? Nipo kwenye moto tayari.

BI MITA: Soma tena.

LAPTOPU: Nimeshasoma.

BI MITA: Nimesema soma tena, usibadilishe kitu.

LAPTOPU: Kitalu cha 12, kosa. Cha 350, kosa... Ajabu. 31 sasa ni kizima. 207 nacho kizima.

BI MITA: Ahaa. Sikilizeni, maana hili fundi hataki kulisikia. Chipu wa aina hii huweza kuzaliwa na vitalu vibovu viwili vitatu, na kiwanda kinajua. Ndiyo maana kuna vya akiba mwishoni kabisa. Lakini kitalu kibovu hakihami. Kikiwa cha 207 leo, hata kesho ni 207. Kosa linalohama halina kwao kwa Chipu. Liko njiani.

WAYA: Njiani ni wapi? Mnanisema mimi?

BI MITA: Ndugu yangu, feri ya Likoni ikikwama, watu wa Kwale husimama kwenye foleni wakaikosa Mombasa asubuhi nzima. Umewahi kusikia mtu akirudi Ukunda kutangaza kwamba Mombasa imekufa, tujenge nyingine?

WAYA: Sasa mimi ndiye feri?

BI MITA: Wewe una urefu wa mkono mzima, umejikunja mara tatu, na umelazwa juu ya waya wa feni. Kwenye dari ya hoteli mlikuwa mmesokotwa wawili wawili, mkibeba ishara iliyotengenezwa kwa safari ndefu. Hapa mnabeba mapigo ya saa yanayotakiwa kufika yakiwa makali, na kila nyongeza ya urefu inayalegeza. Hapa panataka waya wa shibiri moja, au chini yake.

WAYA: Nimetoka Diani, nije nikatwe Kona ya Musa?

BI MITA: Na bado sijafika kwa mdogo wenu wa saba, yule wa ardhi. Chuma, ulimlehemu wewe?

CHUMA: Nilimlehemu.

BI MITA: Alishika?

CHUMA: Alionekana ameshika.

BI MITA: Nikiweka ncha zangu, mara nalia, mara nanyamaza. Hiyo si lehemu, huo ni ute uliokauka. Ile nukta ya ardhi imeungana na shaba ya ubao mzima, inanyonya joto lote. Wewe wa wati 30 ukaigusa sekunde mbili ukaondoka. Juu yake pana ukungu wa kutu, na hukupaka hata dawa ya lehemu. Wale sita wanapeleka maneno, wa saba ndiye wa kuwaambia sifuri inaanzia wapi. Bila yeye kila mtu ana sifuri yake.

XBOX: Msimwone Chuma mjinga. Hata wakubwa yaliwapata. Mnakumbuka zile taa nyekundu tatu za mashine iliyokufa? Mwaka 2007 Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni 1 kurefusha dhamana ya mashine zetu. Sehemu kubwa ya balaa ile ilikuwa viungio vidogo vya chipu, vilivyopasuka kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa.

Ndipo, kwa mara ya kwanza usiku ule, mwenye kesi akasema.

KUMBUKUMBU: Nimewasikia tangu mwanzo. Ukoo wetu, ule wa NAND, ulitolewa hadharani na Fujio Masuoka wa Toshiba mwaka 1987, na kazi yetu ni moja: kushika tulichopewa hata stima zikipotea. Msinionee huruma kwa kusomwa vibaya. Kusomwa vibaya hakuniumizi. Ila laptopu hapo ina faili tayari, na fundi amekusudia kuniandika upya usiku huu huu kwa usomaji wa kwanza uliotoka. Ule ufunguo wa kiapo ni wa Xbox hii peke yake. Mkiandika takataka juu yake, hakuna ofisi ya kwenda kuomba nakala. Nisomeni mara mbili, mara tatu, mlinganishe baiti kwa baiti. Wazee wa Kwale waliotia kidole gumba kwenye karatasi wasiyoisoma wangewaeleza vizuri zaidi hasara ya kukubali kitu kabla hakijasomwa sawasawa.

(Mlango ukasukumwa. Fundi akaingia na harufu ya ukwaju, akafuta mikono kwenye suruali.)

Na hapa nimtendee haki. Fundi yule si mjinga. Aliona taa ya machungwa, akacheka peke yake. Alimchukua Bi Mita, akagusa nukta ya ardhi, akasikia mlio unaokatika, akatikisa kichwa. Alichukua koleo akamkata Waya bila kumuuliza, akabaki na shibiri. Alikwangua kutu, akapaka dawa, akamtuliza Chuma pale kwenye ardhi mpaka lehemu ikatambaa na kung'aa. Akasoma. Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu, akalinganisha: faili zote sawa, na kosa moja tu, kwenye kitalu kile kile kila mara. Ndipo akachukua simu.

FUNDI: Haloo, kaka. Ngoma yako sasa inasomeka, kesho jioni uje uichukue. Chipu ilikuwa imekufa kabisa, nimekuwekea nyingine, orijino. Elfu tatu mia tano.

KUMBUKUMBU: Nyingine? Ipi?

CHUMA: Nyamaza, marehemu. Wewe ungempigia umwambie umefupisha waya na kukwangua kutu, angekupa hata hela ya chai? Mteja hulipia kitu anachoweza kukishika.

WAYA: Na mimi niliyekatwa, bei yangu iko wapi?

BI MITA: Imo ndani ya elfu tatu mia tano, kwa jina la mwenzio.

LAPTOPU: Tafadhalini, mimi nataka kufunga ripoti. Niandikeje?

BI MITA: Andika ulichokiona.

LAPTOPU: Basi naandika: marehemu amesomwa mara tatu, zote sawasawa, na amezikwa palepale alipokuwa.