Kitufe cha Tabu

Tangu Jumamosi iliyopita katiba ya kikundi chetu cha kuzikana ina Ibara ya 1 kumi na moja. Ibara ya 1 inataja jina la kikundi. Inayofuata, ambayo nayo ni ya 1, inasema nani anaruhusiwa kujiunga. Kuna ya 1 nyingine inayohusu faini ya anayekuja msibani mikono mitupu, na hiyo ndiyo iliyoleta maneno, maana mwanachama anayedaiwa faini hiyo alisimama mbele ya wote akauliza anashitakiwa kwa ya 1 ipi. Katibu ni mimi. Nilinyamaza, nikatazama mibuni ya jirani kana kwamba imeniita nikaichume.

Kikundi chetu hapa Hasamba, Vwawa, kina umri mkubwa kuliko mkoa wenyewe. Tulipokianzisha bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya, na mimi, kwa kuwa nilikuwa karani na ofisini kwetu kulikuwa na kompyuta, nilitwishwa ukatibu siku hiyo hiyo bila kura. Sijatuliwa hadi leo. Katiba nilichapa mimi, mihtasari mimi, orodha za michango mimi. Sasa benki yetu inataka katiba ili tubadilishe watia saini, kwa sababu wawili kati ya watatu tumeshawazika, tena kwa heshima zote zilizotajwa humo humo kwenye katiba. Nikapeleka ile ya karatasi, yenye muhuri na doa la chai. Binti wa dirishani akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Baba, tunaomba soft copy."

Soft copy zangu zilikuwa ndani ya disketi tisa, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati.

Lazima niseme kidogo juu ya programu niliyotumia, maana vijana wakisikia "kuchapa" wanadhani dunia ilianza na Word. Mimi ni mtu wa WordPerfect, toleo la 5.1, lililotoka mwaka 1989 na kufika kwetu kwa mwendo wa lori lililobeba shaba. Skrini ya buluu, maandishi meupe, basi. Kipanya tulikijua kama mnyama anayekula mahindi ghalani. Kila amri ilikuwa na kitufe chake cha F: F10 kuhifadhi, F7 kutoka, F6 kukoleza wino. Ukitafuta msaada ulibonyeza F3, wala si F1, kwa sababu F1 ilikuwa ya kughairi, na hadi leo nikibabaika kidole kinakwenda chenyewe kwenye F1, halafu programu mpya inanifungulia maelezo ya Kiingereza kurasa kumi. Tulikuwa na ukanda mgumu wa kulaza juu ya kibodi unaoorodhesha amri zote. Aliyeweza kuchapa bila kuutazama huo ukanda aliitwa bingwa. Cheti changu kiko sebuleni, kati ya picha ya harusi na kalenda.

Na tusisahau tulikotoka. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ikaziweka kapu moja na televisheni. Nikiwa kijana niliona tumeonewa. Wiki hii nimeanza kuhisi kwamba yule aliyetia saini tangazo lile alikuwa amekwishajaribu kuhamisha faili.

Majina ya faili zamani hizo yalikuwa na adabu: herufi nane, nukta, herufi tatu, usizidishe. WordPerfect haikujali hizo tatu za mwisho ni zipi, basi nikaziwekea miezi. MKUTANO.JAN, MKUTANO.FEB, hadi MKUTANO.DES. Nilijiona nina akili nyingi. Leo kompyuta ya mjukuu wangu ikikutana na MKUTANO.MEI inaniuliza nataka kuifungua kwa programu gani, kana kwamba mimi ndiye fundi na yenyewe ndiyo mzee. Mwaka sikuuandika kwenye jina, herufi zisingetosha. Niliuandika kwenye lebo ya disketi, kwa penseli. Penseli imefutika. Kwa hiyo nina mikutano saba ya Januari, na njia pekee ya kuipanga ni kuangalia nani alikuwa bado hai.

Hapa hakuna aliyekuwa na mashine ya kusoma disketi. Kwenye steshenari za Vwawa walinitazama kwa huruma wakanionyesha tundu la flashi. Mmoja akanielekeza Tunduma, kwa fundi anayetengeneza kompyuta za mawakala wa forodha. Nikapanda gari na kopo langu mapajani. Mliofika Tunduma mnaijua foleni ile: malori yamejipanga kando ya barabara kuu, ya Zambia, ya Kongo, madereva wanapika ugali chini ya tela. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, ili mzigo usikaguliwe upande huu halafu ukakaguliwe tena Nakonde. Nikajiambia, sawa, kama shaba inavuka kwa kituo kimoja, katiba ya wazikanaji ishindwe na nini?

Fundi alikuwa mpole. Akachomeka kidude, disketi ikalia kama jogoo mwenye mafua. Mbili kati ya tisa zilikuwa zimeota ukungu na hazikufunguka. Saba zilizobaki akazimimina kwenye flashi kwa muda mfupi kuliko wa kunywa soda, akaniambia, "Mzee, vyote hivi havifiki wimbo mmoja." Disketi nzima ni megabaiti 1.44, picha ya mjukuu akila muhogo haiingii. Nilipokuwa narudi niliwaza ule wimbo mmoja. Misiba yetu yote imo humo, na bado kuna nafasi.

Nyumbani mjukuu akanifungulia moja kwa programu ya kusomea maandishi matupu. Mstari wa kwanza ukaanza na ÿWPC, kisha alama kama nyayo za kuku kwenye matope. Nikamwambia mzigo umeharibika njiani. Akacheka, akaweka LibreOffice, ambayo hailipiwi na inaijua WordPerfect ya zamani, na kweli maneno yote yakatokea. Nilishangilia kwa dakika moja hivi, mpaka nilipovaa miwani.

Maneno yalikuwa yamefika, lakini hayakukaa yalipokuwa yamekaa. Inabidi nikiri jambo. Kuchapa nilijifunza kwa taipureta, na ukifika mwisho wa mstari kwenye taipureta kengele inalia, unarudisha gari. Nilipohamia kwenye kompyuta sikusikia kengele, ila mkono ulikumbuka. Kwa miaka yote nilipiga Enter mwisho wa kila mstari. Hakuna aliyeniambia kompyuta inashuka yenyewe. Sasa karatasi ya programu mpya ina upana mwingine na herufi za ukubwa mwingine, basi kila mstari unajaa, unabakiza neno moja linalodondoka peke yake chini, halafu mstari mzima, halafu neno moja tena. Ukurasa mzima unachechemea.

Hilo la Enter ni dogo. Kubwa ni orodha ya michango. Jina kushoto, shilingi kulia, na katikati nafasi tupu ambayo niliijaza kwa kupiga spesi. Spesi ishirini kwa mwenye jina fupi, tisa kwa mwenye jina refu. Kwa herufi za Courier, ambazo i na m zinapewa kiti kimoja sawa, safu ilisimama wima kama askari. Herufi za kisasa hazina usawa huo: m ananenepa, i anakonda, na shilingi zangu zikaanza kuyumba kama zimetoka kilabuni. Nyingine ziliteremka mstari wa chini. Jirani yangu mmoja, mama mwenye heshima zake, alijikuta anadaiwa mchango wa mwaka 1999 ambao alilipa mbele ya mashahidi, wakati aliyekuwa juu yake, mdaiwa sugu, ametakata kama malaika. Yule mama hakupiga kelele. Alikuja tu alfajiri na stakabadhi, akaketi barazani kwangu, akasema, "Shemeji, mimi sina haraka."

Mpakani Tunduma ukibadilisha shilingi kwa kwacha utapunjwa, lakini angalau unajua umepunjwa na nani na kwa kiasi gani.

Kisha nikaingiwa na tamaa ya kuboresha. Katiba ilisema Mkoa wa Mbeya, na sisi tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe, makao makuu hapa hapa Vwawa. Mjukuu akanionyesha amri ya kutafuta neno na kulibadilisha popote lilipo. Nikaandika Mbeya, nikaandika Songwe, nikabonyeza. Mabadiliko mia mbili na kumi na nne, kwa mkupuo. Nilijihisi kama Rais. Baadaye nikasoma mihtasari na kukuta marehemu kadhaa walifia Hospitali ya Rufaa ya Songwe mwaka 2001, na mjumbe mmoja alitumwa Jiji la Songwe kununua sanda. Nikaanza kurudisha moja moja. Hapo ndipo utajua jiografia yetu imepangwa na mtu mwenye utani: Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya, na ndani ya Mkoa wa Songwe kuna Wilaya ya Songwe. Mto Songwe sikuugusa.

Zile Ibara ya 1 kumi na moja nazo zilitokana na programu hii mpya. Mimi namba nilichapa kwa mkono: 1, nukta, spesi mbili. Programu ikaniona mzee anayehangaika, ikaamua kunihesabia. Lakini kati ya ibara na ibara nilikuwa nimeacha mistari mitupu, nayo kila ikikuta utupu inadhani orodha imekwisha, inaanza upya. Nikapeleka flashi steshenari wanichapie upya toka mwanzo. Binti wa pale ana vidole kama mvua ya mawe, alimaliza kabla sijamaliza kusoma bei za laminesheni. Niliporudi nyumbani nikakuta zile za 1 zimebaki kumi na moja, na palipotajwa Ibara ya 7(c) pamekuwa 7©. Kumbe ukiandika c kwenye mabano mashine inakuwekea alama ya hakimiliki. Mwenyekiti aliipenda sana. Anasema inaonyesha kwamba ibara ya faini imesajiliwa.

Mistari myekundu chini ya maneno sijaisemea. Ukurasa mzima ulikuwa mwekundu kama barabara ya Mbozi kiangazi, kwa kuwa mashine iliamini ninaandika Kiingereza kibovu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Nilisikia redioni nikatembea siku nzima nimenyoosha mgongo, halafu nikarudi kuandika kwenye WordPerfect. Siwezi kulaumu mtu hapo. Mjukuu aliiwekea hii mpya kamusi ya Kiswahili na wekundu ukapungua, ukabaki chini ya Hasamba, Ichenjezya, Vwawa na majina yote ya marehemu.

Jana jioni mjukuu alikaa kando yangu akitazama ninavyopiga spesi. Akahesabu. Kwenye ya kumi na saba akanishika mkono. "Babu, kwa nini usibonyeze Tab? Mara moja tu."

Nikamwambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Siku ya kwanza ya mafunzo niliona kitufe kimeandikwa Tab, na nikaelewa kwamba herufi ya mwisho imekosa nafasi. Nani mwenye akili timamu anabonyeza Tabu kwenye mashine ya serikali? Sikukigusa siku ile. Sijakigusa tangu siku ile.

Alitoka nje kucheka, akarudi na macho mekundu. Akasema basi tuondoe spesi zote za ziada kwa ile amri ya kutafuta na kubadilisha, itachukua sekunde. Akaenda kufunga ng'ombe, akaniachia nimalizie. Pa kutafuta nikaweka spesi moja. Pa kubadilisha nikaacha patupu. Nikabonyeza, nikahifadhi kwa F10, ambayo haikuhifadhi, nikahifadhi kwa njia nyingine, nikatuma kwa WhatsApp kwenye kundi la viongozi kabla umeme haujakatika.

Asubuhi mwenyekiti alikuwa wa kwanza kujibu. Babu yake alisomeshwa na wamisionari wa Moravian, wale waliotoka Ujerumani. Alikuwa amenakili Ibara ya 1, mojawapo: "Wanachamawatachangiamsibandaniyasikutatu." Chini yake akauliza kwa heshima, Katibu, hii ya Kijerumani tumeombwa na benki?