Ndizi Tisa, Choo Kimoja

Jirani, hebu nisogezee hilo benchi. Miguu inauma, tumbo linauma, na mke wangu hanisemeshi tangu juzi. Kosa langu moja tu. Nilitaka furaha.

Kaanzisha dogo, mtoto wa dada yangu. Anasomea uuguzi, analala sebuleni kwangu, bando la simu namnunulia mimi. Siku moja kaniangalia nilivyonuna, akasema, "Mjomba, shida yako siyo hela. Shida yako kemikali." Mimi! Kodi ya miezi mitatu sijalipa, luku inapiga kelele, halafu kemikali. Akanitajia nne: dopamini, serotonini, endofini, oksitosini. Nikajua Simba tumesajili. Nikamuuliza kati yao nani anacheza namba tisa. Dogo akashusha pumzi, akaanza kuongea polepole, kama na mgonjwa.

Eti zote ziko mwilini mwangu, na kuziamsha ni bure. Jirani, mtu wa Magomeni ukimtajia bure umeshammaliza.

Tukaanza na jua la asubuhi na kutembea. Saa kumi na mbili niko barabarani. Nikatoka Mikumi, nikapita Mapipa, nikateremka Jangwani. Mwendokasi inapita, watu wamebanana humo, mashavu yamegandishwa kwenye vioo, na bado wananionea huruma mimi. Hapa kwetu mtu mzima hatembei kwa afya. Anatembea kwa sababu hana nauli. Wa kwanza kunisalimia akasema, "Pole sana, mzee, mambo yatakaa sawa." Wa pili akanishikisha buku. Nikaipokea. Ungeikataa wewe? Wa tatu akampigia mke wangu simu, kwamba kaniona Jangwani naongea peke yangu. Siongei, jirani, nahesabu hatua!

Na lile bonde unalijua. Mto Msimbazi ukifurika, barabara inafungwa. Siku hiyo haukufurika, ila tope lake lilikuwepo. Kiatu changu cha kulia kiko kule mpaka sasa. Nikafika Fire na kiatu kimoja, nikapanda mwendokasi kurudi kwa ile buku ya sadaka. Dogo anasema endofini maana yake ni mofini ambayo mwili unajitengenezea wenyewe, inatuliza maumivu ukifanya mazoezi. Basi ya kwangu ilikuwa imeenda msibani.

Tukaja serotonini. Akasema sehemu kubwa, kama tisa kwa kumi, inatengenezwa tumboni. Mimi niliposikia tumbo nikaacha kusikiliza. Nikakimbia Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, nikabeba mkungu mzima kwa hela ya gesi. Za juu zilikuwa zimeiva. Nikala tisa, nimekaa ukingoni mwa kitanda, nasubiri kucheka. Dogo akarudi chuoni akanikuta. "Mjomba, ni kweli ndizi ina serotonini, lakini haiingii kichwani. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi." Nikaelewa. Kama lile geti la mwendokasi, huna kadi hupiti. Sasa hiyo inayobaki tumboni inafanya kazi gani? "Inasaidia kusukuma chakula."

Jirani, hilo la kusukuma nililielewa vizuri saa tisa usiku. Nyumba yetu ina vyumba sita vya wapangaji na choo kimoja. Mama mwenye nyumba alikuwa ndani. Nikabisha hodi, akaitikia "subiri" kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Nilisimama pale nimekunja miguu, na wapangaji wawili nyuma yangu, wote wananishauri.

Kesho yake dogo kaja na dawa ya kucheka. Eti nikikaa na watu tukacheka kwa sauti, endofini zinakuja zenyewe. Nikaenda kijiweni kwa muuza kahawa, nikaagiza kikombe na kashata, nikaanza kucheka. Peke yangu. Watu wakasogeza vikombe vyao. Mzee mmoja wa Muleba akaniangalia, akasema, "Huyu ana ile ya Kashasha."

Akatuhadithia. Tarehe 30 Januari 1962, Uhuru hauna hata miezi miwili, shule ya wasichana ya Kashasha kule Bukoba, wasichana wakaanza kucheka. Wakashindwa kuacha. Kati ya wanafunzi 159 wakashikwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wakirudi kwao, na vijijini nako watu wanaanza. Madaktari wakapima, sumu hakuna, mdudu hakuna. Nikasema, kumbe kuna watu walishawahi kufurahi hivyo! Mzee akanikata. "Furaha gani? Walikuwa wanacheka na kulia humo humo. Ilikuwa hofu na mawazo yamekosa pa kutokea." Basi hata hicho kicheko nilichokuwa nakitegemea kumbe ni stresi. Kahawa ikanipalia. Hapo ndipo kijiwe kizima kikacheka.

Dopamini sikuijaribu. Niliambiwa ninayo tayari. Kuna mtaalamu anaitwa Wolfram Schultz, alikuwa anawapa kima juisi. Kima akishazoea, kemikali inapanda ile anapoona ishara tu, kabla hata ya kuonja. Halafu ishara ije, juisi isije, inashuka chini kuliko ilivyokuwa mwanzo. Nikamwambia dogo nyamaza. Tarehe 5 Novemba 2023 mimi nilikuwa kwa Mkapa nimevaa jezi nyekundu, nimepaka na rangi usoni. Yanga tano, Simba moja. Yule kima namjua. Nalala naye kila siku, na mkeka wake wa kubeti umechanika mfukoni.

Ikabaki oksitosini, ile wanayochomwa kina mama leba damu isiwatoke nyingi. Kwa sisi wengine, eti kumkumbatia mtu wako kunatosha. Jioni nikaingia, mke wangu anakuna nazi, nikamkumbatia kwa nyuma. Akakauka kama ubao wa mbuzi. "Umevunja nini?" Sijavunja kitu. "Umemkopa nani?" Sijakopa. Akaweka kifuu chini, akageuka taratibu, akauliza, "Hela ya gesi iko wapi?"

Ule mkungu uko chini ya kitanda. Ndizi zimeamua kuiva zote kwa pamoja, chumba kizima kinanukia, na mkaa umeisha. Jirani, chukua hata vichane viwili, nipe buku tatu. Ila ukizila, usije kubisha hodi kwetu saa tisa usiku. Foleni ipo.