Mfalme Aliyesuguliwa kwa Ndimu

Huku kwetu Mghange, senti ya mkoloni ikichomoka shambani au mkebeni mwa nyanya, husalimiwa kwa majivu na ndimu. Chukua senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, ile yenye tundu. Haina sura ya mfalme, ina jina tu: Edward wa Nane, aliyekalia kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba. Wakubwa wa London walihangaika wiki kadhaa kumtoa kitini. Sisi tunamfuta kwa dakika tano za majivu na ndimu.

Ule weusi tunaoukimbilia si uchafu. Ni shaba iliyoungana na hewa polepole, na utando huo ndio unaoikinga. Ndimu huuyeyusha, majivu huacha mikwaruzo, na mkusanyaji wa sarafu mwenye kioo cha kukuzia huiona mikwaruzo kabla ya kusoma mwaka. Mtasema sufuria nazo husuguliwa zikang'aa. Naam, ila nani amewahi kulipia sufuria kwa umri wake? Mtasema udongo umeganda, sarafu haisomeki. Hapo mna hoja: iloweke siku kadhaa katika maji yasiyo na chumvi, kisha uiweke juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe. Ikitoa unga wa kijani, hiyo ni chumvi inayoila shaba kwa ndani. Hapo anatakiwa fundi wa makumbusho. Waliokwisha kusugua wasihuzunike. Sarafu yao inameta vizuri kabisa; ni bei tu iliyojiuzulu pamoja na Edward.